Kijana Aliyekuja Kwetu Kusikia Kiswahili

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na alipenda sana kuongea. Mteja anayepimwa nguo hana pa kukimbilia, kwa hiyo baba alipata wasikilizaji kila siku. Alikuwa akikuzungushia utepe kiunoni huku anakuuliza habari za kwenu, za jirani yako, za ndugu zako walioko mbali, na ukitoka pale unajua suruali yako itakuwa tayari lini na unajua pia nani ameoa na nani anauguza.

Duka lilikuwa Biryogo, chumba kimoja chenye mlango wa bati na vyerehani viwili. Sisi tulikaa jirani tu, upande wa Nyamirambo. Babu yake baba alikuja na biashara ya vitambaa kutoka upande wa Ujiji, akaoa Mnyarwanda, akabaki. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilitoka kwake, na baba hakutaka kichezewe. Hapa Kigali watu wengi Kiswahili wamekiokota njiani, na neno moja wanalitumia kwa kila kitu: mtu iko, gari iko, mvua iko. Baba hakuweza kulinyamazia. "Mtu yupo," alikuwa akisema na pini mdomoni. "Gari lipo. Mvua ipo." Wateja walicheka, na wengine walikosea makusudi ili wamsikie.

Mama ndiye aliyemtesa zaidi. Mama amezaliwa na kukulia hapahapa, na iko yake haikuwahi kurekebishika.

Mvua za msimu zilikuwa zimeanza tu siku aliyofariki baba. Mimi nilikuwa shuleni, Kacyiru. Asubuhi alilalamika kichwa, akaenda dukani hivyohivyo, na kabla ya adhuhuri akalaza kichwa juu ya cherehani kama mtu anayepumzika. Majirani walimkimbiza hospitali. Nilipofika nyumbani kutoka shule kulikuwa na viatu vingi mlangoni, nikajua.

Tulimzika kesho yake. Katika mazishi yale nakumbuka zaidi suruali za watu. Karibu wanaume wote waliobeba jeneza walikuwa wamevaa suruali alizozishona yeye. Nilizitambua kwa mshono wa mfukoni. Nilitembea nyuma yao nikiangalia mifuko mpaka makaburini, wala sikulia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Baada ya hapo kila aliyekutana nami aliniambia neno moja la Kinyarwanda, wihangane, yaani uvumilie. Mimi nilijibu "ndiyo" na kuondoka. Shuleni wenzangu hawakujua wanifanyie nini. Walikuwa vijana wazuri, na kwa wema wao wakaamua kunihurumia hata uwanjani. Nikipata mpira hakuna aliyeninyang'anya. Nikikimbia wananipisha. Nilicheza hivyo kwa wiki kadhaa bila mtu kunigusa mguu, mwisho nikaacha kucheza.

Nyumbani nako mazungumzo yalipungua. Mama alichukua duka, kwa sababu yeye pia anashona, hasa nguo za kike. Alirudi jioni amechoka. Maneno yake yakawa ya lazima tu: kula, oga, funga mlango. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la pili, na kwa kuwa hakuna aliyemsemesha alianza kujiongelesha mwenyewe kwa Kinyarwanda cha shuleni. Mimi sikuenda dukani. Nikishuka kwenye basi nilipita njia ya nyuma ili nisiuone mlango ule.

Katikati ya muhula akaletwa mwanafunzi mpya. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana paji la uso pana, na Kinyarwanda alikisema polepole kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Wenzetu wakambandika jina la Mtanzania. Wakimwiga lafudhi, alicheka pamoja nao, halafu wakati wa chakula anakaa peke yake.

Mlinzi wa lango la shule alikuwa mzee wa mtaani kwetu. Kila asubuhi nilimwamkia: "Shikamoo mzee." Naye: "Marahaba baba. Mama hajambo?" Asubuhi moja yule mgeni alikuwa nyuma yangu. Tulipoingia ndani akanishika begi.

"Kumbe unaongea!"

"Naongea nini?"

"Kiswahili. Cha nyumbani, siyo kile cha darasani."

Tangu siku hiyo alinifuata kila mahali akiongea. Aliongea kama mtu aliyefungwa mdomo kwa muda mrefu. Alinieleza habari za Ziwa Victoria, za shule yake ya zamani kule Bukoba, za mwalimu mmoja aliyekuwa akichapa watu kwa kukosea sarufi. Hakuniuliza chochote cha kwangu, na mimi hilo lilinifaa. Hakuwa na habari kwamba mimi ni mtu wa kuhurumiwa. Siku moja alinivuta mpaka kwenye uwanja wa kikapu, na nilipopata mpira alinipiga kiwiko cha mbavu na kunipokonya. Maumivu yale yalinifurahisha mpaka nikajishangaa. Nikamrudia kwa bega. Tukachezeana vibaya hivyo mpaka kengele ikalia.

Uwanjani palepale ndipo suruali yake ilipochanika. Aliteleza kwenye changarawe, na kaki ikaachia kuanzia makalioni mpaka karibu na goti. Wenzetu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye alisimama akiwa amejishika nyuma kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo mpya," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nikienda hivi kwa baba sijui nitamweleza vipi."

"Mama yangu anashona," nikasema.

Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Jioni hiyo alijifunga sweta kiunoni tukapanda basi, na Biryogo nikashuka naye nikaongoza njia ya mbele.

Dukani palikuwa vilevile. Mama alikaa kwenye cherehani chake. Kile cha baba kilikuwa kimefunikwa shuka. Aliponiona mlangoni alivua miwani.

"Shikamoo mama," akasema mgeni wangu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kiti iko pale."

"Kipo pale, mama," akajibu. Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya. Hapohapo akaziba mdomo. "Samahani mama! Nisamehe. Kwetu mwalimu alikuwa anatuchapa kwa neno hilo."

Mama alimtazama. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio lakini cherehani kimesimama. Niliona kidevu chake kinatetemeka, nikajua sasa atalia, na nikaanza kutafuta namna ya kumtoa yule kijana nje. Kisha sauti ikamtoka, mwanzo kama kikohozi, halafu nikaitambua. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona.

"Kipo pale," akasema. "Haya. Kipo. Kaa basi."

Alimpa kanga ajifunge, akachukua suruali. Kijana akaketi kwenye kiti kile, kanga ya maua imemfika magotini, mikono juu ya mapaja kama bibi harusi, na mama akaanza kufumua mshono. Kama alivyofanya baba kwa wateja wote, akaanza na habari za nyumbani.

"Mama yako hajambo?"

"Mama amefariki."

Alisema kwa utulivu kabisa. Mimi nilikuwa sijui. Darasa zima lilikuwa halijui.

"Lini, mwanangu?"

"Kabla hatujahamia huku. Tulimzika kwao, kule Bukoba."

Mama akaiweka suruali mezani. Nilitarajia aseme neno lile ambalo watu wote wanasema, na hakulisema. Akauliza, "Alikuwa anakuitaje?"

"Mjomba," akasema. "Alikuwa ananiita Mjomba. Alisema nimefanana na kaka yake." Alishika pindo la kanga akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Mama alivuta kiti chake karibu, akakaa tu, mkono wake mgongoni kwa kijana. Mimi nilisimama nikiangalia shuka iliyofunika cherehani cha baba. Ilinishangaza kwamba mtu anaweza kulia namna ile, mchana, mlango uko wazi, watu wanapita.

Nilimsindikiza kituoni. Suruali ilikuwa nzima tena, mshono huuoni.

"Usiwaambie darasani," akasema.

"Siwaambii."

Tukatembea kidogo.

"Kile cherehani kingine ni cha nani?"

"Cha baba."

"Yeye yuko wapi?"

"Amefariki pia."

Akasimama katikati ya barabara. Pikipiki ilimpigia honi, ikabidi nimvute pembeni.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Basi lake likaja.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena, safari hii bila kitu cha kushonwa. Alisema amekuja kusalimia. Akawa anakuja kila Jumamosi. Alijifunza kutoa nyuzi zilizobaki kwenye mishono, kugeuza kola, kupuliza pasi ya mkaa. Lakini kazi hizo zilikuwa kisingizio. Alikuja kuongea, na kusikia watu wakimjibu. Alimweleza mama kuhusu senene, wale wadudu wanaokaangwa kwao, na mama hakuamini.

"Mnakula panzi?"

"Siyo panzi, mama. Senene."

"Iko na mabawa?"

"Wana mabawa."

"Basi ni panzi."

Mdogo wangu alikaa chini ya meza akikusanya vifungo na kusikiliza, akirudia maneno: senene, wana mabawa, basi ni panzi. Na mimi nilikuja dukani kwa sababu rafiki yangu yupo. Nilipewa kazi ya kupiga pasi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anasafiri kutoka Kicukiro mpaka kwetu kila wiki wakati huko kwao kuna kila kitu.

"Nyumbani kwetu ni Kinyarwanda tu," akasema. "Baba amesema tumerudi kwetu, tuongee cha kwetu."

"Si vizuri?"

"Ni vizuri. Ila Kinyarwanda changu mimi ni cha kuombea chumvi. Siwezi kumwambia baba kitu kirefu."

"Kwani yeye Kiswahili hajui?"

"Nani? Baba amezaliwa Karagwe! Wazazi wake walikimbilia kule zamani, yeye akakulia hukohuko. Alimtongoza mama kwa Kiswahili. Nyumbani tulikuwa tunaongea hichohicho kutwa." Akapuliza pasi, majivu yakaruka. "Tangu tumzike mama, hajakisema hata neno moja. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kinyarwanda, halafu anaingia chumbani."

Mama alikuwa anasikia. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Ijumaa moja mvua kubwa ilinyesha wakati wa kutoka shule. Ilipokatika, foleni ya abiria pale kituoni Kacyiru ilikuwa imezunguka kona, na mabasi yalipita yamejaa. Baba yake alikuwa amesafiri kikazi siku hizo, kwa hiyo gari la kumchukua halikuwepo. Nikasema tutembee mpaka kwetu, mama atajua la kufanya. Tukashuka kilima kuelekea Kinamba, viatu mkononi, maji mekundu yakitiririka kwenye mitaro.

Kwenye kona moja alisimama kukunja suruali. Ndipo akauliza, "Baba yako alikuwaje?"

Tangu mazishi nilikuwa nimeulizwa mama anaendeleaje, mimi nasomaje, duka nani analisimamia. Hilo halikuwa limeulizwa. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na zipu. Nilimwambia baba alichukia zipu kuliko kitu chochote duniani, na kila akiweka zipu ilibidi sote tunyamaze. Nilimwambia alikuwa anaimba kwa pua wakati wa kutunga uzi kwenye sindano. Nikamwambia habari za bwana harusi aliyepimwa suti akiwa mwembamba, akaja kuichukua baada ya miezi akiwa amenenepa, na baba akakaa naye asubuhi nzima ya harusi anafumua na kupanua huku kaka wa bwana harusi analia kwa hofu ya kuchelewa. Rafiki yangu alicheka. Nilisikia sauti yangu inapanda, nikajikuta ninamwigiza baba, namna alivyosimama na utepe shingoni, na maneno yakaja mengi kuliko pumzi.

Halafu nikafika kwenye asubuhi ile ya mwisho. Nilimweleza kwamba kabla sijatoka alinitengeneza kola, akanitazama miguuni, akasema suruali imekuwa fupi, nimerefuka, jioni atanipima anishonee nyingine.

"Hakunipima," nikasema.

Tulikuwa tumefika bondeni, karibu na daraja. Magari yalikuwa yamekwama kwenye foleni, watu wamekaa ndani wanatazama nje. Nilianza kulia hapo. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, na sikuweza kuizuia. Rafiki yangu alichukua begi langu akalivaa mbele, akasimama upande wa barabara, kati yangu na magari, ili wale watu wasinione. Alikuwa mwembamba, hakunisitiri sana, lakini alisimama pale mpaka nikamaliza.

Nilipojipangusa akanirudishia begi.

"Haya, endelea," akasema. "Bwana harusi alifika kanisani?"

"Alifika," nikasema. "Kifungo kimoja kiliruka wakati wa kiapo."

Tukapanda kilima kuelekea mjini, nikamsimulia mengine mpaka Biryogo.

Baba yake alikuja Jumamosi moja, kiangazi kimeshaanza. Alikuwa ameacha gari mbali kwa sababu njia yetu ni nyembamba, na alifika mlangoni na suti ya kijivu na viatu vilivyochukua vumbi. Nilimjua mara moja kwa lile paji la uso.

"Mwiriwe," akasalimia kwa Kinyarwanda.

"Karibu baba," akajibu mama kwa Kiswahili. "Ingia, kaa."

Akakaa. Kwa Kinyarwanda cha heshima alimshukuru mama kwa wema wake, akasema ameambiwa kwamba nyumba hii nayo ina msiba, na haifai mtoto wake aje kila wiki kuwaongezea mzigo watu walio na uzito wao wenyewe. Amekuja kumchukua. Mwanawe alisimama na pasi mkononi, anaangalia sakafu.

Mama anajua Kinyarwanda kama anavyojua njia ya nyumbani. Lakini alijibu kwa Kiswahili tena, polepole, nikaelewa kwamba anafanya makusudi.

"Si mzigo, baba. Sisi hapa tulikuwa tumenyamaza. Amekuja tumeanza kusema."

Kisha akamimina chai. Ilikuwa chai yetu ya kila siku, ya maziwa na tangawizi, kwenye kikombe cha bati. Yule baba alipokea kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akashusha kikombe. Alikaa akikitazama. Nje muuza parachichi alipita anaita wateja, sauti yake ikaenda mpaka ikapotea.

"Mama yake," akasema, "alikuwa anatia tangawizi nyingi kuliko hii."

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili safi, chenye lafudhi kama ya mwanawe. Rafiki yangu aliweka pasi juu ya chuma chake taratibu sana, kama kwamba ikigonga maneno yale yatakimbia.

"Basi nitaongeza," akasema mama. "Lete kikombe."

Akaponda kipande kingine, akatia, akamrudishia. Alikunywa. Baada ya muda akasema, haongei na yeyote hasa, "Nikikisema, namsikia yeye. Niliona nikikiacha nitaweza kulala."

"Umelala?" mama akauliza.

"Hapana."

"Na huyu je?" Mama alielekeza mkasi kwa kijana. "Yeye atamsikia wapi mama yake?"

Yule baba aligeuka akamtazama mwanawe, muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokuwa anapita kando yake kila siku. Kisha akainuka, akamshukuru mama, akasema twende. Hakusema kwa lugha gani wataongea huko nje. Alitumia mkono tu, akauweka begani kwa mtoto.

Jumatatu nilimngoja rafiki yangu getini.

"Ikawaje?"

"Kwenye gari tu," akasema. "Kutoka Kicukiro mpaka hapa. Tuliposhuka, tulirudi kwenye Kinyarwanda." Alifikiri kidogo. "Leo ameniuliza kama nalala vizuri. Sasa naomba kila siku foleni ya magari iwe ndefu."

Hata hivyo haukuwa muujiza. Kulikuwa na siku gari lilikwenda kimya mpaka Kacyiru, na siku nyingine baba yake alianza sentensi akaiacha katikati. Lakini Jumamosi hakumzuia tena. Mara nyingine alimleta mwenyewe, akanywa chai, akaondoka.

Likizo ndefu ilipofika walikuwa wanakwenda Bukoba kulisafisha kaburi, na rafiki yangu akasema hawezi kwenda bila mimi. Mama alinifungia chapati kwenye gazeti, nikapanda nao. Tulivuka daraja la Rusumo mpakani, saa zetu zikapelekwa mbele, na baba yake aliendesha akisimulia Karagwe ya utoto wake: ng'ombe, shule waliyoiendea miguu mitupu, na msichana aliyekataa barua zake zote kwa sababu hati yake ilikuwa mbaya. Rafiki yangu alikuwa hajawahi kusikia habari za barua hizo. Aliuliza maswali njia nzima.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi yake, kati ya migomba, saruji tupu isiyopakwa rangi. Tuling'oa majani sisi watatu, tukalisugua, tukalipaka chokaa nyeupe. Ilituchukua asubuhi yote, na mikono yetu ilibabuka. Hakuna aliyetoa hotuba. Baba yake alipaka upande wa kichwani mara mbili, ingawa rangi ilikuwa imekwisha kushika.

Bibi alitoka na fimbo yake kututazama. Yeye anasema Kihaya tu. Alinikaribia, akanishika mashavu kwa vidole vikavu, akasema kitu.

"Anauliza kama na wewe ni mjukuu wake," akatafsiri baba yake.

"Mwambie ndiyo," akasema rafiki yangu.

Akamwambia. Bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anahakikisha tu, akarudi jikoni, na chakula kilipokuja sahani yangu ilikuwa na ndizi sawa na ya wengine.

Sasa sisi ni watu wazima kiasi. Mimi nafanya kazi Kicukiro, na yeye ni mpishi kwenye hoteli moja upande wa Nyarutarama, anaongea Kinyarwanda cha kubishana na madereva. Mwaka jana baba yake alioa tena, mwanamke mpole, mwalimu. Rafiki yangu alinipigia simu usiku wa kuamkia harusi akaniomba nikae naye siku nzima, nisimwache hata kidogo.

Kwenye sherehe alicheka na wageni, akabeba viti, akampa bibi harusi maua. Wakati wa chakula alipotea. Nilimkuta nje, kwenye ngazi za ukumbi, ana sahani ya pilau mapajani na hajaigusa. Nikakaa na sahani yangu.

"Nimefurahi," akasema. "Kweli nimefurahi kwa ajili yake. Na nina hasira mpaka sitaki kumtazama mtu."

"Si ajabu," nikasema. "Mimi ningekuwa na zote mbili pia."

"Unafikiri mama angesema nini?"

"Mimi simjui mama yako. Nisimulie."

Alinisimulia. Mengine nilikuwa nimeshayasikia na mengine hapana. Tulikula huku anaongea, muziki unagonga ukutani nyuma yetu, mpaka shangazi yake mmoja akatoka kutuita, wanatutaka kwenye picha. Akaweka sahani chini, akajifuta mdomo, akaninyoosha kola ya shati, tukaingia.